Makomeo Kumi na Saba ya Kumzuia Hiske

4 Septemba, Jumatano
Upepo kusini-magharibi, nguvu 4. Mawingu. Maji ya mfereji ya kawaida.

Daftari hili nilikuja nalo siku ya kustaafu. Ni daftari la daraja, kurasa zote tupu, nikaona haya kulitupa. Miaka thelathini na nane nimeandika kila kilichopita chini ya daraja langu: upepo, maji, mashua, ajali, na zile ambazo nusura ziwe ajali. Siku hizi daraja linanyanyuliwa na mtu aliyekaa mbele ya kioo cha kompyuta huko mjini Leeuwarden, anabonyeza kitufe huku anakula mkate. Mimi nimepewa mjukuu.

Anaitwa Hiske. Ana mwaka mmoja na mwezi mmoja, meno sita, na wiki tatu tu tangu aanze kutembea. Mama yake ni binti yangu Baukje, ambaye amerudi kazini, na Jumatano ndiyo zamu yangu. Hapa Friesland, kaskazini mwa Uholanzi, babu asiye na siku yake ya mjukuu huulizwa kama anaumwa.

Baukje alifika saa mbili kasorobo, mtoto mkono mmoja, karatasi mkono wa pili. Kurasa tatu! Mambo arobaini na moja ya kurekebisha katika nyumba niliyomlelea yeye mwenyewe.

"Baba, usinikasirikie," akasema. "Kuna nafasi ya Jumatano kwenye kituo cha kulelea watoto. Wananishikia mpaka tarehe mosi Desemba. Nyumba ikiwa salama, Hiske anabaki kwako. Isipokuwa salama, nampeleka huko."

"Wewe si ulikulia humuhumu? Umekosa nini?"

"Nina kovu hapa juu ya jicho."

"Lile lilikuwa kosa la meza."

"Na meza bado ipo, Baba. Angalia namba saba."

Akaondoka. Katika saa moja ya kwanza Hiske alitia miwani yangu kwenye ndoo ya majivu, akalisha choo kipande cha mkate, kisha akaning'inia kwenye kalenda ya siku za kuzaliwa iliyo mle chooni, kama ilivyo desturi hapa, mpaka Mei yote ikang'oka. Kwa hiyo katika ukoo wetu hakuna tena mtu aliyezaliwa Mei. Dada yangu atanuna.

5 Septemba, Alhamisi
Upepo magharibi, 3. Baada ya kahawa ya asubuhi sikuongea na mtu, ila redio.

11 Septemba, Jumatano
Upepo magharibi, 5. Hiske kaja, Hiske kaenda. Nimesinzia saa kumi na mbili jioni na viatu miguuni.

18 Septemba, Jumatano
Upepo kaskazini-magharibi, 4. Manyunyu.

Nimenunua vile vifungo vya plastiki vya makabati. Kwenye pakiti kuna picha ya mama anayecheka. Nilibandika vinane jana. Leo asubuhi nilitaka kahawa. Kahawa iko kabatini. Nikabonyeza, nikavuta, nikabonyeza huku nikivuta, nikasoma maelezo kwa lugha tano. Dakika kumi na mbili. Hiske alikuwa amekaa sakafuni akinitazama kwa adabu, mikono mapajani. Nilipokwenda kutafuta bisibisi, yeye akasimama, akavuta mara moja, kifungo kikatoka na gundi yake na rangi ya mlango. Kisha akaanza kukitafuna.

Hapo ndipo alipoingia jirani yangu Bi Tryntsje, kupitia mlango wa nyuma, bila hodi, kama kila mtu hapa. Mlango wa mbele hatuutumii. Mara ya mwisho ulifunguliwa kumtoa mke wangu Aafke kwenda kuzikwa, miaka miwili na nusu iliyopita.

"Anakula nini huyo?" akauliza.

"Usalama wake," nikamjibu.

Bi Tryntsje ni mjane wa miaka sabini na mitatu. Huja kila siku saa nne na nusu kunywa kahawa kwangu, na huondoka akiwa amenieleza nilichokosea. Leo kanieleza kwamba wanawe wanne aliwafunga kamba kiunoni, upande wa pili kwenye mti wa tufaha, na wote ni watu wazima wenye akili zao. Namjua yule wa tatu.

25 Septemba, Jumatano
Upepo kusini, 2. Jua.

Namba kumi na tisa: "Mbwa wa kaure dirishani, waondolewe."

Hao mbwa wawili ni wa Aafke. Wamekaa kwenye dirisha la mbele tangu tuoane, wameangalia barabara, na kila Ijumaa aliwafuta kwa kitambaa chenye unyevu huku akisengenya anayepita. Dirisha la chini kabisa, mtoto akisimama wanamfikia kidevuni. Nilijua ni lazima. Nikawachukua mmoja mmoja, nikawafunga kwenye fulana zangu, nikawapeleka darini. Nilikaa kule juu kidogo. Si kwamba nililia. Vumbi la darini ni baya.

Kufika saa sita Bi Tryntsje kaja mara ya pili, jambo ambalo halijawahi kutokea.

"Mtaa mzima unauliza kama unauza nyumba."

"Nimeondoa mbwa tu, mama wee!"

"Dirisha tupu, Gosse! Watu watasema nini?"

"Waambie nina mjukuu."

Akaliangalia dirisha. Akamwangalia Hiske, aliyekuwa amelamba kioo chote mpaka alipofika. "Aafke angewaondoa mwenyewe," akasema, kisha akatoka. Yule mama ana mdomo, lakini leo nimemsamehe ya miaka kumi.

2 Oktoba, Jumatano
Upepo magharibi, 6. Mawimbi kwenye mfereji.

Nimepata dawa. Wazo limenijia chooni, mbele ya kalenda isiyo na Mei.

Kwenye daraja, makomeo yote yako chini. Mikono ya mlinda daraja ina kazi, mmoja uko kwenye mtaimbo, wa pili unampungia nahodha asije akajigonga. Kwa hiyo komeo unalisukuma kwa ncha ya kiatu. Miaka thelathini na nane mguu wangu wa kulia umefunga na kufungua bila hata kuniuliza. Na sasa kiuno hakinyooki na kukunjika kama zamani, kwa hiyo mguu ndio mfanyakazi pekee niliyebaki naye.

Tena nimemchunguza Hiske kama nilivyokuwa nikichunguza mashua. Kila akitakacho kiko juu. Mikono juu, macho juu, kidole juu. Sakafu hana habari nayo. Basi nimeamua. Makomeo ya chuma, yote chini, upana wa kiganja kutoka sakafuni. Yatakuwa kumi na saba: makabati ya jikoni, droo ya visu, stoo ya chini iliyo chini ya ngazi, na la mwisho kabisa mlango wa nyuma.

La mwisho ndilo kubwa. Ukitoka mlango wa nyuma kuna hatua tisa, halafu mfereji. Baukje kaliandika namba moja na kulipigia mstari mara tatu, na hapo hatubishani.

Sijui kwa nini wenye viwanda hawajalifikiria hili.

5 Oktoba, Jumamosi
Upepo magharibi, 5. Makomeo sita yamefungwa. Kiuno kimekufa.

8 Oktoba, Jumanne
Yote kumi na saba. Nimeyatia mafuta, yanateleza yenyewe. Kila moja lina sauti yake: la sufuria linalia *tik*, la stoo linalia *tok*, la mlango wa nyuma linakwaruza kwanza halafu linagonga. Nimetembea nyumbani mara tatu nikifunga na kufungua kwa mguu, mikono mfukoni. Sijajisikia vizuri hivi tangu nistaafu.

9 Oktoba, Jumatano
Upepo kusini-magharibi, 4.

Bi Tryntsje kagonga! Mlango wa nyuma umekomewa, kwa hiyo mara ya kwanza katika historia yake kalazimika kugonga. Kaingia na uso wa mtu aliyetukanwa.

Akaliinamia komeo, akaliangalia, akaniangalia mimi.

"Gosse, umelifunga chini."

"Nimelifunga chini."

"Yote?"

"Yote."

"Haya," akasema, akanywa kahawa yake, akala biskuti yake moja. Watu wa kijiji hiki hawajui kusifu.

16 Oktoba, Jumatano
Upepo mashariki, 2. Ukungu.

Tumebuni mchezo. Nakaa kwenye kiti, miguu yangu inakuwa daraja. Hiske ni mashua. Akifika anasimama, mimi napiga honi, "Booo!", naye anajibu "Boo!", ndipo daraja linanyanyuka anapita chini. Asipojibu, daraja halinyanyuki. Hivyo ndivyo ilivyo kazini na sikumpunguzia hata kidogo. Kapita mara arobaini na mbili. Nimehesabu. Magoti yangu yamehesabu pia.

Manahodha wa Kijerumani nimewapigia honi miaka thelathini na nane hawakuelewa. Huyu kaelewa kwa siku moja.

23 Oktoba, Jumatano
Upepo magharibi, 7. Kucheza daraja tu. Supu ya njegere. Kala mabakuli mawili, moja mdomoni.

30 Oktoba, Jumatano
Upepo kaskazini, 3. Baridi.

Hiske siku hizi anapenda sana kukaa sakafuni mbele ya makomeo. Anayapapasa kwa kidole, anasema nayo. Nadhani anajifunza kuyaheshimu.

6 Novemba, Jumatano
Upepo kusini-magharibi, 5. Mvua.

Baukje kapata ruhusa ya nusu siku, kaja kukagua. Alitembea na ile orodha yake na kalamu, uso mkavu kama karani wa ushuru. Pembe za meza zina sponji. Soketi zimezibwa. Jiko la kuni lina uzio wa chuma niliouchomea mwenyewe. Alipovuta makabati yakagoma, akavuta tena, yakagoma tena.

"Unafungulia wapi?" akauliza akiwa wima, akitafuta kwa macho huku juu.

"Ahaa!" nikasema. "Unaona? Hata wewe huoni!" Nikagusa komeo kwa ncha ya kiatu, *tik*, kabati likafunguka. Nilikuwa na raha, jamani.

Akapiga tiki thelathini na nane. Yamebaki matatu, likiwemo la thelathini na tatu: ule mwanya chini ya mlango wa stoo, ati vidole. Nikamwambia nitauziba wiki ijayo.

Kwenye gari alinibusu shavuni. Lakini nilimwona jinsi alivyomfunga Hiske mkanda, akauvuta kuukagua, akauvuta tena, akauvuta mara ya tatu. Aafke hakuwa mwoga namna ile. Sijui kautoa wapi woga huu.

13 Novemba, Jumatano
Upepo magharibi, 4. Kabati la sufuria nimelikuta wazi. Nilisahau mimi.

20 Novemba, Jumatano
Upepo kusini, 4. Kabati la sufuria wazi, na la unga. Nazeeka.

27 Novemba, Jumatano
Upepo kaskazini-magharibi, nguvu 8. Maji yamepanda, yako karibu na ukingo.

Tukio.

Naandika saa moja jioni, Hiske keshaondoka na mama yake. Nitaandika kwa utaratibu.

Saa nne kamili asubuhi niliteremka stoo ya chini kuchukua viazi. Ni ngazi tatu tu kwenda chini. Hiske alikuwa nyuma yangu ukumbini na kijiko cha mti. Niliacha mlango wazi. Nikiwa nimeinama kwenye gunia nikasikia mlango unasukumwa, giza likaingia, halafu nikasikia *tok*.

Kwanza nilicheka. Nikasema, "Hiske, mfungulie Babu." Swichi ya taa ya stoo iko nje. Simu yangu ilikuwa juu ya friji, nilipoiweka ili asiifikie, namba kumi na mbili. Nikasukuma mlango kwa bega. Ni mlango wa mwaloni, na komeo nililifunga mwenyewe kwa skrubu ndefu kuliko kidole. Fundi mjinga angenifaa zaidi leo.

Ndipo nikasikia *tik*.

Kabati la sufuria. Mungu wangu. Nilikaa kwenye giza nimeshika viazi viwili, akili ikanijia yote kwa mkupuo mmoja. Mtoto yuko chini. Maisha yake yote yuko chini! Mimi ndiye ninayeishi juu. Nimechukua makomeo kumi na saba, nimeyatia mafuta, nimeyapanga mbele ya pua yake, kisha kila Jumatano nimemwonyesha yanavyofunguliwa. Na Bi Tryntsje aliliona siku ya kwanza, akasema "haya".

Likalia la unga. Likalia la sahani. Nayajua kwa sauti, kwa hiyo niliweza kumfuata kama anatembea mbele ya macho yangu. Alikuwa anakwenda kwa mpangilio uleule niliofunga makomeo, moja baada ya jingine, kuelekea mlango wa nyuma. Na nyuma ya mlango kuna hatua tisa.

Nikapiga kelele. "Hiske! Njoo kwa Babu! Hiske!" Nilimsikia anacheka. Kwake ulikuwa mchezo, Babu anapiga kelele ukutani. Likalia lingine. Nikabishana na mlango mpaka bega likafa ganzi. Nikamwita Aafke. Sijui kwa nini, lakini nimesema nitaandika yote.

Halafu nikajikuta napiga honi. Sikupanga. "Boooo!" Ndefu, kutoka tumboni, kama naita meli ya mchanga yenye tani mia nne.

Miguu ikasimama.

"Boo!" ikajibu sauti kutoka jikoni.

"Boooo!"

*Pata pata pata*, ikaja ukumbini, ikasimama upande wa pili wa mlango. "Boo!" Nilimsikia anapumua. Nikalala kifudifudi kwenye ngazi, shavu kwenye mawe, na kupitia ule mwanya ambao sikuuziba nikaona soksi mbili nyekundu.

Sasa nimzuie na nini? Mfuko wa shati ulikuwa na orodha ya Baukje, huwa natembea nayo. Nikapitisha ukurasa wa kwanza chini ya mlango. Ukavutwa. Nikapiga honi. Ukarudishwa. Nikapitisha wa pili. Ukavutwa, ukarudishwa umelowa mate. Hivyo ndivyo tulivyofanya, yeye kule, mimi huku, mambo arobaini na moja ya usalama yakienda na kurudi chini ya mlango, na kila mara asiporudisha haraka roho yangu ilitoka na kuingia tena. Sauti ilikauka. Nikapiga honi bila sauti, pumzi tu, naye akajibu pumzi tu.

Karibu na saa nne na nusu ukurasa wa tatu haukurudi.

Nilipiga honi. Kimya. Miguu ilikuwa imeondoka, haikwenda polepole, ilikimbia. Nikasikia ukwaruzaji wa chuma. Komeo la kumi na saba linakwaruza kwanza, halafu linagonga. Likagonga. Upepo ukaingia nyumbani mpaka vumbi likanipiga usoni chini ya mlango.

Siwezi kuandika dakika ile. Nimeanza mara mbili, nimefuta.

Kisha nikasikia: "Ebo! Wewe ndiye uliyenifungulia, kidudu? Babu yako yuko wapi?"

Bi Tryntsje. Alikuja kunywa kahawa, akagonga, akachungulia dirishani, akamwona mtoto peke yake jikoni katikati ya masufuria. Kaniambia alijibana kwenye kizingiti kama kizibo cha chupa, miguu imepanuliwa, akamwita kwa kidole kupitia kioo cha mlango. Mlango ulipofunguka alimdaka kabla hajavuka. Yule mama ana goti bovu na presha, na leo alisimama kwenye upepo wa nguvu nane kama nguzo.

Akanifungulia kwa mguu. Nilitoka na viazi bado mkononi.

"Gosse," akasema, mtoto begani, "umelifunga chini."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia. Uliniambia umelifunga chini."

Nikakaa sakafuni. Hiske akaja akakaa mapajani, akanipa kijiko. Bi Tryntsje akapika kahawa, mara ya kwanza yeye kwangu, akaifanya nzito mno, akaweka biskuti mbili kwa kila mtu. Baadaye akasema, akiangalia dirishani, "Mimi sijaona kitu. Nimekuja, nimekunywa kahawa, nimeondoka."

Saa kumi na moja na robo Baukje kafika. "Siku ilikuwaje, Baba?"

"Kala viazi viwili," nikasema.

Hilo ni kweli. Lakini si taarifa.

28 Novemba, Alhamisi
Upepo magharibi, 5. Nimeng'oa makomeo yote kumi na saba. Nimeyafunga upya, usawa wa bega langu.

29 Novemba, Ijumaa
Upepo magharibi, 3. Sikula.

1 Desemba, Jumapili
Upepo mashariki, nguvu 2. Baridi kavu.

Baukje kaja na Hiske baada ya chakula cha mchana. Mkwe wangu Joris kabaki mjini. Baukje kaona makomeo yako juu, kasema, "Umeyahamisha? Hivi ni bora zaidi." Akatafuta orodha yake ili apige tiki za mwisho, nikampa kurasa mbili zilizokunjamana. Hakuuliza wa tatu uko wapi.

"Basi," akasema. "Kesho nawapigia wale wa kituo, wampe mtoto mwingine nafasi. Jumatano ni zako, Baba."

Ningeruka kwa furaha. Ndilo neno nililolingoja tangu Septemba. Ningekaa kimya dakika moja tu na lingekuwa langu.

Lakini kazini kwetu kulikuwa na kosa moja lisilosameheka, nalo ni kuficha tukio. Ukigonga mashua unaandika. Ukikaribia kugonga unaandika vilevile, ili anayeshika zamu baada yako ajue. Na Baukje ndiye anayeshika zamu baada yangu, siku sita kwa wiki.

"Kabla hujapiga simu," nikasema, "soma hapa." Nikamfungulia daftari tarehe ishirini na saba.

Alisoma amesimama. Nilimwona anafika kwenye sufuria, nikamwona anafika kwenye mlango wa nyuma. Rangi ilimtoka. Mimi nilimshika Hiske mkono, nikawa namtazama vizuri, kama mtu anayeaga. Alipomaliza akaenda mpaka mlango wa stoo, akachuchumaa, akagusa yale matundu ya skrubu yaliyobaki pale chini. Akamwangalia Hiske, aliyepiga magoti kando yake na kuinama, pua yake juu ya matundu kwa upana wa vidole viwili.

"Baba," akasema. "Kumbe uliyafunga mbele ya pua yake."

"Sasa naona."

"Na mimi nikapiga tiki!"

"Thelathini na nane," nikasema.

Nilingoja kelele. Badala yake akakaa kwenye ngazi ya chini kabisa, akajishika uso. Mabega yakatikisika, na kwa muda sikujua anacheka au analia, na nadhani hata yeye hakujua.

"Nilikuambia 'kala viazi viwili'," nikasema. "Niliona aibu, mwanangu. Niliogopa utamchukua. Nyumba hii siku nyingine haina sauti ya mtu."

"Nipe kalamu," akasema.

Aliandika muda mrefu, daftari gotini. Akanirudishia limefungwa, akamvika Hiske koti, akaniambia nisome wakishaondoka. Wameondoka. Hiki hapa chini ni chake.

*30 Agosti, Ijumaa. Leeuwarden, kwangu, roshani ya ghorofa ya nne. Upepo: sikuupima, nilikuwa na soksi tu. Mvua: ndiyo.*

*Nilitoka kuanua nguo. Hiske akasukuma mlango, akaning'inia kwenye mpini, ukajifunga. Simu ndani. Ufunguo ndani. Sufuria ya maji jikoni, imewashwa. Dakika thelathini na tano. Nilimwimbia kupitia kioo kila wimbo ninaoujua, na zilipokwisha nikamwimbia taarifa ya hali ya hewa. Nilipiga kioo kwa kiatu kimoja kikuukuu cha bustani nilichokikuta pale, kioo hakikuvunjika. Yeye alidhani nacheza. Mara mbili aliondoka kwenda jikoni, na mara mbili nilijua amekufa. Jirani wa chini alinisikia, akamwita fundi wa kufuli.*

*Sikumwambia mtu. Joris hajui. Siku nne baadaye nikakaa, nikaandika kurasa tatu za hatari. Za nyumba yako, Baba. Yangu sikuweza hata kuiangalia. Nilikuwa naona kwamba mama asiyeweza kumlinda mtoto wake dakika tano hastahili kuachiwa, na nilitaka kuwe na mtu mwingine wa kukaguliwa. Nisamehe.*

*Wewe ulimrudisha mlangoni kwa honi. Laiti ningaliijua hiyo honi.*

*Mtamwona Jumatano, saa mbili kasorobo, wewe na Bi Tryntsje. Jumamosi uje kwangu na keekee ya kutobolea, uanze na mlango wa roshani. Leo jioni namwambia Joris.*

*Baukje*

Nimesoma mara tatu. Nimewasha taa, nimesoma mara ya nne. Naandika chini yake kama tulivyokuwa tukiandika kazini:

Matukio mawili yamepokelewa tarehe mosi Desemba. Mtoto mzima. Mama mzima. Hakuna wa kulaumiwa.

Gosse, mlinda daraja.